Nia ya Kila Usiku

"Mpaka atake mwenyewe."

Kama kwenu kuna mraibu, sentensi hii umeisikia mpaka imekuchosha. Anaisema jirani aliyekuja kurudisha sufuria. Anaisema mjomba kwenye simu, akishakumbusha kwamba pesa alizotuma mwezi jana ndizo za mwisho. Polisi anaisema, imamu anaisema, daktari anaisema huku amekwisha kuita mgonjwa mwingine. Husemwa kwa upole, kama pole ya msibani, na ikishasemwa hakuna la kuongeza. Nani atabisha? Mtu haponi kwa kuburutwa. Mpaka atake mwenyewe, basi. Tukae tusubiri.

Nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, tuliishi na sentensi hiyo miaka 11. Kaka yangu alianza kuvuta unga mwaka 2008 akiwa na miaka 21, baadaye akahamia kwenye sindano, na hakupata matibabu yaliyomshika mpaka 2019. Ni kifungua mimba, na sote twamwita Kaka tu, hata mama. Amesoma haya kabla hayajatoka. Ametaka niondoe kitu kimoja, nimekiondoa. Mengine amesema yakae yalivyo, "bora usinifanye shujaa wala shetani."

Sitamfanya lolote kati ya hayo mawili. Nataka kuzungumzia neno moja tu katika ile sentensi ya watu: *atake*. Huko kutaka ni kitu gani? Huja saa ngapi? Hukaa muda gani? Maana wanaoisema huongea kana kwamba ni kitu kinachomshukia mtu mara moja, kama mvua ya kwanza ya masika, na kikishashuka kazi imekwisha.

Unga una saa yake. Baada ya saa 6 hadi 12 tangu mtu atumie mara ya mwisho, mwili huanza kudai. Kwanza miayo, macho kutoa machozi na pua kamasi. Vinyweleo vinasimama kama kuku aliyenyonyolewa. Halafu tumbo linakata, kuharisha, jasho na baridi kwa pamoja, miguu haitulii kitandani. Hiyo ndiyo arosto. Siku ya pili na ya tatu ndio kilele chake, na ikipita wiki hivi mwili hupoa. Vitabu husema kwamba kwa mtu mzima mwenye afya arosto ya heroini ni nadra kuua. Kamwambie hivyo mtu aliye ndani yake.

Kwa hivyo siku ya teja ni duara. Kaka aliamka alfajiri na arosto, akatoka kwenda kutafuta, na mambo yakienda sawa saa nne asubuhi alikuwa ameshapata. Kuanzia saa nne mpaka kama saa saba alikuwa mtu. Alikaa barazani, akasalimia wapita njia, akauliza habari za shule za watoto wa dada yetu. Na ni saa hizo hizo alizosema, karibu kila siku, "Wallahi nimechoka. Nataka kuacha." Mtaani watu wakicheka: maneno ya stimu hayo. Jioni arosto ikarudi, na yule yule aliyesema anataka kuacha akaondoka na regyuleta ya gesi, mama akabaki na mtungi usio na kichwa na mchuzi mbichi.

Watu wakipima hayo mawili, la asubuhi na la jioni, walihukumu kwamba la jioni ndilo la kweli. Ukimjua mtu muda mrefu unaona mambo yamekaa vingine. Saa nne asubuhi Kaka alikuwa na nafasi ya kutaka. Jioni hakuwa nayo. Aliye kwenye arosto ana taka moja tu, kubwa kama nyumba, na hakuna kona iliyobaki ya kuwekea nyingine. Hawezi kutaka kupona kama vile anayezama hawezi kutaka kujifunza kuogelea. Anataka hewa.

Ukilikubali hilo, sehemu kubwa ya hekima ya mtaa juu ya uraibu inageuka miguu juu. "Wacha ateseke, atajirudi." "Bado hajafika chini, akifika chini atataka." Kaka alifika chini mara nyingi sana, na kila mara palikuwa na chini nyingine chini yake. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011 unga uliadimika Mombasa nzima, na kama mateso ndiyo yanayozaa nia, mwezi ule maskani zote zingebaki tupu. Kaka anasema alimeza vidonge vyovyote alivyopewa, vya usingizi, vya maumivu, vingine hata jina lake hakulijua, na wenzake walijidunga vitu ambavyo mpaka leo hataki kuvitaja. Unga uliporudi, walirudi. Hakuna aliyekuwa amepata muda wa kuwaza chochote.

Nyumbani lakini tulijaribu, asikudanganye mtu. Tulianza na kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji ya waridi, akanywa. Sidharau, na yeye hadharau. Anasema ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa miaka mingi mtu kumpa kitu kwa mikono miwili. Kisha akafungiwa chumbani siku tatu, ufunguo akawa nao baba, Mungu amrehemu. Kisha mama akauza bangili zake nne, tukampeleka kwenye kituo kimoja cha bara kwa siku 90. Jina lake halina maana hapa. Kaka alikubali kwenda kwa sababu mama alilia. Alirudi amenenepa, mashavu yanang'aa, jamaa wote wakaja kumtazama kama bwana harusi. Akakaa siku 11.

Kuna jambo hapa ambalo kila nyumba yenye mraibu ingepaswa kulijua na wengi hawaambiwi. Mwili husahau. Mtu akikaa miezi mitatu bila unga, kile kipimo alichokuwa akikibeba jana sasa chaweza kumsimamisha pumzi. Rafiki yake Kaka wa tangu chuoni, waliyekuwa wakicheza naye mpira wa karatasi vichochoroni, alitoka rumande baada ya miezi sita. Siku ile ile alipotoka alitumia kiasi kile kile alichozoea. Alikutwa choo cha nje, ameketi, kichwa kimeegemea ukuta. Mtaani wakasema alizidisha. Hakuzidisha chochote.

Kwa hivyo huwa naogopa mtu akiniambia "tumempeleka kwa nguvu, ametoka safi." Safi hivyo hivyo ndiyo hatari yenyewe. Siku 90 zilikuwa zimeondoa unga mwilini, lakini lile la kutaka hakuna aliyeligusa.

Aliyeligusa alikuwa jamaa mmoja wa mradi. Hawa pengine umewaona: wanavaa fulana za mashirika, wanazunguka maskani na mabegi mgongoni, wanatoa sindano mpya na kukusanya zilizotumika. Wengi wao walitumia zamani. Wazee wa mtaa hawakuwapenda, walisema wanawapalilia watoto uraibu. Huyu wetu alikuwa mwembamba, amepungukiwa meno mawili ya mbele, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza muda mrefu mpaka wewe mwenyewe uone haya.

Nilikuwepo siku hiyo kwa sababu nilikuwa nimempelekea Kaka chakula. Jamaa hakumuuliza utaacha lini. Alimuuliza kama amekula. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Kutoka sifuri mpaka kumi, wataka kuacha kiasi gani?"

Kaka akacheka. "Mbili."

Nikajua sasa mahubiri yanakuja. Mbili! Baada ya bangili na kila kitu! Jamaa akatikisa kichwa kama aliyesikia habari njema. "Kwa nini si sifuri?"

Ukimya. Kaka akakuna mkono. Akasema: "Nataka niingie msikitini bila mtu kuangalia viatu vyake."

Nimekaa na jibu hilo miaka sasa. Hakusema mama. Hakusema maisha, afya wala mustakabali. Alisema viatu. Mji wa Kale misikiti ni mingi kuliko maduka, na teja akiingia, vichwa vinageuka kwanza mlangoni kwenye viatu, halafu ndiyo vinarudi kibla. Kitu kidogo hicho ndicho kilikuwa mbili yake, na miaka yote ile hakuna aliyemuuliza, kwa sababu sisi wote tulikuwa tukingoja kumi.

Baadaye nilikuja kujua kwamba swali lile si la kubuni pale pale. Mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliandika juu ya namna hii ya mazungumzo mwaka 1983 alipokuwa akishughulika na walevi, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakatoa kitabu kizima. Msingi wake, nikiusema kwa lugha ya barazani, ni kwamba ndani ya mtu kuna wawili wanaobishana, anayetaka na asiyetaka. Ukimsukuma, unamsaidia asiyetaka kupata maneno, kwani mtu akishambuliwa hujitetea, hata akijitetea kwa ajili ya kitu kinachomuua. Ukimuuliza *kwa nini si sifuri*, yule mwingine ndiye analazimika kufungua mdomo. Na mtu huamini zaidi anayoyasikia kwa sauti yake mwenyewe kuliko ya shangazi.

Nami nashangaa kidogo kwamba ilibidi kiandikwe kitabu. Bibi zetu walijua kumposea mtu kwa njia hiyo hiyo.

Jamaa hakuishia hapo. Alimwambia Kaka kuna kliniki ya serikali upande wa Kisauni inatoa methadoni, ni bure, na kwamba asingoje mpaka atake sana. "Wewe njoo na hiyo mbili yako. Nyingine tutaitafuta huko huko."

Lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu wengi wenu mnaosoma haya mlikuwa shule. Heroini iliyotufikia Pwani miaka hiyo ilitoka Afghanistan na kuvushwa Bahari ya Hindi kwa majahazi. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata zaidi ya tani moja baharini, si mbali na pwani yetu. Agosti mwaka huo huo, meli nyingine iliyokamatwa ikiwa na mamia ya kilo ililipuliwa baharini, Rais Uhuru Kenyatta akitazama, na picha za moshi zikaonyeshwa kila televisheni. Kaka aliziona dukani kwa kinyozi. Anasema wenzake walishangilia kama goli, kisha wakaenda kununua kama kawaida.

Desemba ya mwaka ule ule, bila moshi wala kamera nyingi, hospitali ya Mathari Nairobi ilianza kuwapa waraibu methadoni. Malindi ikafuata mwaka 2015, kisha kliniki nyingine. Kama ukiniuliza ni tukio lipi la 2014 lililogusa nyumba yetu, sitakutajia meli.

Methadoni ni nini basi? Ni dawa ya jamii moja na heroini, lakini ya polepole. Hukaa mwilini siku nzima na zaidi, kwa hivyo kikombe kimoja asubuhi hutosha mpaka kesho. Haipandishi mtu juu kisha kumdondosha. Inalivunja lile duara. Ndio maana wapo wanaosema ni kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine, na mama alisema hivyo wiki ya kwanza, kwa ukali. Jibu alilopewa na muuguzi lilikuwa fupi: "Mama, huyu kesho saa kumi jioni atakuwa wapi?" Mama akanyamaza, kwa sababu kwa mara ya kwanza alijua.

Walioanzisha tiba hii New York katikati ya miaka ya 1960, daktari Vincent Dole na mwenzake Marie Nyswander, walisimulia kitu kinachonifurahisha sana. Wagonjwa wao wa kwanza, walipokuwa wakipewa dawa nyingine za muda mfupi, walikuwa na mazungumzo ya aina moja: dozi inayofuata ni saa ngapi. Walipowekwa kwenye methadoni, mmoja akaanza kuchora. Mwingine akataka kumaliza masomo. Madaktari hawakuwa wamewahubiria juu ya uchoraji. Mwili ulinyamaza, ukapatikana ukimya wa kutosha kutaka jambo lingine.

Sasa linganisha na "mpaka atake mwenyewe". Sentensi inaweka kutaka mwanzoni, kama kiingilio mlangoni. Niliyoyaona kwa Kaka yalikuja kinyume: kwanza alikwenda, halafu siku nyingi baadaye akaanza kutaka. Na kwa nini alikwenda? Nilimuuliza juzi, nikitarajia viatu. Akasema, "Nilikwenda kwa sababu ni bure."

Kabla ya kikombe cha kwanza kulikuwa na vikao vya maandalizi, vipimo vya damu, kifua kikuu, ini, na fomu ambayo mtu wa nyumbani lazima aisaini. Nilisaini mimi. Wiki za kwanza ni ngumu. Dozi huanza ndogo na kupandishwa pole pole, kwani ikirundikana mwilini yaweza kuua, na katika wiki hizo bado haijatosha kumshikilia mtu. Kaka aliendelea kujidunga pembeni. Alikunywa methadoni asubuhi na jioni akaonekana maskani, majirani wakatuletea habari kabla hata hajarudi. Kwa kipimo cha mtaa, huyo hakuwa na nia. Kliniki hawakumfukuza. Waliandika, wakapandisha dozi, wakamwambia kesho aje. Mwezi wa nne hivi akaanza kuruka siku moja moja bila unga, kisha mbili, kisha wiki. Hakuna siku ninayoweza kukuonyesha kwenye kalenda nikasema hapa aliamua.

Walioanzisha chama cha walevi wanaojisaidia kule Akron, Ohio, mwaka 1935 walikuja na hatua 12, na ya 6 kati yake haina kazi yoyote ila kuwa tayari. Hatua nzima! Hujaomba chochote bado, hujaondolewa chochote, umekuwa tayari tu. Nilipoisoma nikacheka, maana madrasa tulikaririshwa jambo kama hilo tukiwa na miaka saba, tukalipita bila kuliangalia.

Pwani yetu ni Shafi. Katika madhehebu ya Shafi nia ya saumu ya Ramadhani haitoshi kuitia mara moja mwanzo wa mwezi. Waitia kila usiku, kabla ya alfajiri, kwa ajili ya siku moja inayokuja. Ukilala bila nia, hata ukikaa na njaa mpaka magharibi, haikuhesabiwa. Wamaliki wanaruhusu nia moja kwa mwezi mzima, na tukiwa watoto tuliwaonea wivu. Sasa naona waliotunga fikihi yetu walimjua binadamu vizuri. Nia inakatika. Usingizi tu waikata. Haikuwa kosa lako kwamba ya jana imeisha, ndivyo ilivyoumbwa. Unaamka daku unaitia nyingine.

Kwa miaka 11 watu walimdai Kaka nia ya Kimaliki.

Ramadhani yake ya kwanza akiwa kwenye dawa ilikuwa ya 2020, na unaikumbuka ilivyokuwa. Misikiti imefungwa, tarawehe tunaswali sebuleni, kafyu saa moja jioni. Suala la kwanza lilikuwa saumu: methadoni hunywewa mchana, mbele ya mfamasia, na ukishameza unasemeshwa ili ijulikane hukuificha mdomoni. Mama alimuuliza ustadh kwa simu. Akajibiwa kwamba mgonjwa ana ruhusa, na kwa kuwa tiba yenyewe ni ya muda mrefu, atoe fidya, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Mama hakutaka kutoa mchele mbichi. Alipika. Kila siku kabla ya magharibi sahani moja ilifunikwa kwa kawa, nikaipeleka mimi pembeni ya ile maskani aliyokuwa akikaa Kaka, nikaiweka jiweni na kuondoka. Asubuhi sahani ilikuwa pale pale, imeoshwa. Sijui walitoa wapi maji.

Kaka hakufunga, lakini aliamka daku nasi. Usiku mmoja, mama alipokuwa akituhimiza watie nia wanaotia, alisema na yeye anatia ya kwake. Dada yetu akamuuliza ya nini, wewe si hufungi? Akasema, "Ya kwenda kesho."

Mei 6, serikali ikaufunga Mji wa Kale. Eastleigh kule Nairobi pia, kwa sababu ya maambukizi. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Vichochoro vikawekwa vizuizi na askari. Sisi wengine ilikuwa dhiki ya soko na kazi. Kwa Kaka ilikuwa hesabu nyingine: methadoni iko Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali, na inataka afike kila siku, Jumapili ikiwemo. Akikosa siku tatu mfululizo, dozi haiwezi kuendelea pale ilipokuwa, lazima ipimwe upya. Huku ndani unga upo. Sijui uliingiaje, lakini ulikuwepo, hatua mia mbili kutoka mlango wetu, na bei haikuwa imepanda sana.

Alikuwa na barua ya kliniki yenye muhuri. Siku nyingi askari waliisoma, wakamtazama juu mpaka chini, wakampisha. Siku ya nne au ya tano ilikuwa zamu ya mwingine. Huyo hakuitaka barua. Amri ni amri, rudi nyumbani.

Nilikuwa dirishani ghorofani, kizuizi nakiona. Ilikuwa saa moja na nusu. Kaka hakubishana, kitu ambacho kwa jinsi ninavyomjua kilinitisha zaidi. Alirudi nyuma hatua chache, akaegemea ukuta wa nyumba yenye mlango wa nakshi, akasimama. Saa mbili. Saa tatu. Jua likaufikia ule ukuta. Nilimuona akipiga miayo, nikajua methadoni ya jana inaanza kuisha. Mara mbili aliangalia nyuma, kule kwenye kichochoro kinachoshuka maskani, na mara ya pili aliangalia kwa muda mrefu. Mtu mmoja akatokea huko, wakasemezana. Yule mtu akamgusa begani na kushuka tena. Kaka akabaki.

Nilitaka kushuka nikasimame naye. Mama alikuwa nyuma yangu, akanishika mkono. "Muache," akasema. Hakusema zaidi.

Saa nne kasoro akaja askari mwanamke kubadilisha zamu. Akamuuliza wangojea nini. Akasoma barua, akaigeuza nyuma kama kwamba kuna zaidi, akamuuliza kitu nisichosikia. Kaka akajibu. Akampisha.

Alirudi saa saba, akaoga, akalala mpaka alasiri. Jioni nilimuuliza pale ukutani alikuwa akiwaza nini, nikiwa nimeshajiandaa kusikia jambo la maana. Alisema alikuwa akihesabu mabamba ya chuma kwenye ule mlango wa nakshi. Yapo 64. Nikamuuliza je, ilikuwa ngapi pale, kutoka sifuri mpaka kumi? Akafikiri.

"Wakati mwingine moja. Akija yule jamaa, sifuri kabisa. Halafu ikarudi."

Bado anakunywa dawa mpaka leo ninapoandika. Anaendesha tuktuk ya mtu, na wateja wake wa asubuhi wanajua kwamba kabla ya saa tatu hapatikani. Dozi imeshuka kidogo mwaka jana, ikapandishwa tena, na hilo halikumkera mtu. Viatu? Watu wengine bado huangalia.

Idd ya mwaka ule iliangukia Jumapili, Mei 24. Hapakuwa na swala ya uwanjani, hapakuwa na watoto wa kugawia pesa wala harufu ya biriani kutoka kila nyumba. Mtaa ulikuwa kimya kama saa ya mchana wa Ramadhani. Kaka alivaa kanzu aliyoshonewa harusi ya dada yetu, imemlegea mabegani. Mama akampaka udi. Akaikunja ile barua, akaitia mfuko wa ndani, akateremka ngazi kwenda kizuizini.